Glavu za Bibi Icilda

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, sajenti wa mahabusu mwenye maneno mengi kuliko wote kituoni kwetu London.

Waliletwa binti wa miaka kumi na mitano, eti ananuka bangi, na bibi yake, Icilda. Binti alikuwa amefunga zipu ya sweta la shule hadi kidevuni, ameing'ang'ania.

"Mnataka kumvua nguo mtoto?"

"Ni kumpekua tu, bibi. Na sheria inamlinda: bila mtu mzima wake, yaani wewe, chumbani, hatumgusi."

"Hammgusi kabisa?"

"Hata kwa kidole! Kwa hiyo vua glavu, kaa, nikuletee chai."

Bibi alizikaza glavu zake mikononi, kidole kimoja kimoja, akambusu mjukuu.

"Chai niletee nje, mwanangu. Mtu mzima wake ndiye huyu anatoka."