Basi Lisilojaa

Kila asubuhi basi la Fisi lilipakia foleni nzima ya kituoni, na halikujaa. Wanyama walilisifu.

Siku moja Digidigi alikuja na baiskeli. Alitaka kupanda basi hadi mtoni, kisha amalizie safari kwa baiskeli.

"Dada, chuma hicho kiache hapa," Fisi alisema.

"Nikishuka nitaenda na nini?"

"Kushuka?" Fisi akacheka.

"Pandeni basi, tunachelewa!" alifoka Ngiri aliyekuwa nyuma. Siku hiyo alikuwa ameacha gari lake nyumbani ili kukwepa msongamano.

Digidigi akapanda akiisukuma baiskeli. Ndani hapakuwa na viti wala abiria. Sakafu ilikuwa na joto, nayo ilipanda na kushuka kama kifua cha aliyelala. Mlango ukajifunga, ukakwama kwenye baiskeli. Kingo zake zilikuwa na meno. Digidigi akapenya chini ya fremu, akaruka nje. Nyuma yake vyuma vikatafunwa.

"Kwani limejaa?" Ngiri akauliza.

"Halijai, kaka," Digidigi akajibu. "Umewahi kumwona anayeshuka?"

Ngiri akatazama saa yake. Alikuwa amechelewa. Akapanda.