Waya Ndani ya Taa

Demetria alifungua taa ya mbele ya pikipiki ya mteja ili apitishe nyaya za vitufe vya redio hadi kwenye usukani. Ndani akakuta kazi ya mikono yake mwenyewe.

Nyaya za spika zilifungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani. Yeye ndiye aliyezifunga hivyo, siku solotepu ilipomwishia. Ilikuwa pikipiki ya mdogo wake, aliyetoka hapa Tandale kupeleka abiria Tegeta asirudi tena.

"Sista, bado?" mteja aliuliza kutoka kwenye benchi. "Mie nataka niongeze sauti bila kuachia usukani, basi."

"Bado kidogo, kaka."

Miezi saba alikuwa akizunguka polisi na mochwari, na kote aliambiwa asubiri. Akainama, akakata waya wa plagi ili pikipiki isiwake.

Kisha akasimama mbele ya yule mtu.

"Kaka, nakuomba kwa Mungu," alisema. "Hii pikipiki sikudai. Niambie tu mdogo wangu mlimwacha wapi."

Yule mtu akatazama chini.