Mtu wa Masizi

Mzee Kihara alilifunga lango kwa kufuli mwenyewe, wageni wakiwa nje na mvua ikiwanyeshea. Walikuwa wazee waliotoka Kangemi kumposea kijana wao Were binti yake Wamucii, wakiwa na mbuzi mmoja, na kikapuni blanketi zito la kahawia la kumpa mama wa binti, kama ilivyo desturi.

"Ambieni huyo Were yenu," aliwapigia kelele kutoka barazani, "Wamucii sio makaa ya kutupa kwa injini."

Hakuwasogelea. Desturi aliijua vizuri: baba akishapokea kitu cha mchumba kwa mkono wake, amekubali, na hakuna kugeuka. Kwa hiyo aliiweka mikono mfukoni mpaka wakaondoka na mbuzi wao.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Kihara alikuwa na vyumba vya kupangisha pale Uthiru, na tangu apate mpangaji wa kwanza hakuna aliyemtosha. Kosa la Were lilikuwa kufanya kazi reli. Kazi gani, Kihara hakuuliza. Kwake, mtu wa reli ni mtu wa masizi, koleo mkononi na kaptura iliyotoboka, basi. Hata uso wa kijana hakutaka kuuona. Kiburi kingi, akili ya kuazima.

Dawa aliipata upesi. Wamucii angepelekwa Kampala kwa shangazi yake, ambaye tayari alikuwa amemtafutia mume wa maana, mzee mwenye malori. Wamucii alilia kutwa nzima. Kisha alinong'onezana na mama yake jikoni, akanyamaza, akaanza kupiga pasi gauni lake la Krismasi. Kihara alijisifu kwamba binti ameshika adabu.

Alasiri ya safari, jirani yao Jamleck, mzee wa kanisa, aliwapeleka stesheni kwa pikapu yake. Kihara alimkodolea macho kila mfanyakazi aliyepita na koleo au kopo la mafuta, akimtafuta Were ambaye hakumjua.

"Wote sura moja," alimwambia Jamleck.

Kwenye behewa la mwisho alisimama gadi wa treni, sare nyeupe, filimbi shingoni, bendera ya kijani kwapani, viatu vinang'aa. Kihara aliona kwamba huyu sasa ndiye mtu. Alimwendea kofia mkononi. Jina hakuuliza.

"Bwana mkubwa, wewe ndio unaangalia hii gari?"

"Ndiyo, Baba."

"Huyu msichana yangu nimekuachia. Mtu ya masizi asimkaribie."

"Hakuna mtu wa masizi atakayemkaribia, Baba. Mimi mwenyewe nitamfikisha nyumbani."

"Sawa. Nimekupatia yeye mbele ya Jamleck. Huyu ni shahidi."

Jamleck alikohoa. Wamucii alikuwa akiviangalia viatu vyake mwenyewe.

Gadi aliingia ndani ya behewa, akarudi na furushi lililofungwa kwa karatasi. Alisema kwamba huko Uthiru baridi ya Julai ni kali, tafadhali ampelekee Mama. Kihara, ambaye hajawahi kukataa cha bure tangu azaliwe, alilipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, mtoto yangu," alisema, na akamaanisha.

Filimbi ililia na treni ikaondoka. Njia nzima ya kurudi Kihara alikuwa akiwacheka watu wa Kangemi, jinsi alivyowapiga chenga. Jamleck aliendesha gari macho yakiwa barabarani.

Nyumbani alimkuta mkewe Nyakio sebuleni, amevaa nguo za kanisani, na haikuwa Jumapili. Kihara alimkabidhi furushi. Nyakio alifungua karatasi, akatandaza mapajani blanketi zito la kahawia.

"Alikupa mwenyewe?"

"Mkononi. Huyo kijana iko na heshima, Mama Wamucii. Yeye alilelewa, si kama huyo Were yenu."

Nyakio alilikunja blanketi polepole, akalipapasa.

"Basi lete ufunguo wa lango, Baba Wamucii," alisema. "Wazee wa Were wanangoja kwa Jamleck tangu mchana, na mbuzi amechoka kusimama."