Kamba ya Usumba

Kiatu cha Mwatum kiliachama katikati ya kilima, naye akaenda chini kwa magoti, baibui lote likawa udongo mwekundu.

Masika yalikuwa yameifanya njia ile iteleze kama sabuni. Yeye na shoga yake walikuwa wanakimbia tangu baada ya sala ya alfajiri, na kwao Konde bado mbali.

Gari ya abiria ikasimama ubavuni mwao.

"Pandeni, wanangu," dereva akasema. "Mbio gani hizi na mvua hii?"

"Wanafukuza waume!" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, na gari nzima ikacheka.

Mwatum hakucheka. Baba yake alishamwambia: siku atakayorudi kutoka mazoezini kwa gari, ndiyo mwisho wa mbio, na mashindano ya Wete atayasikia redioni.

Shoga yake alikuwa akitetemeka kwa baridi. "Tupande, Mwatum. Tutashuka kabla ya kwenu. Nani atatuona?"

"Gari nzima imeshatuona."

Akafungua kamba ya usumba aliyojifungia kiunoni, kamba aliyoisokota mwenyewe kwa nyuzi za makumbi ya nazi aliyoyafukia pwani miezi na miezi yalainike. Akaizungusha kwenye kiatu mara nne, kuanzia chini ya soli, akaikaza kwa meno. Aliposimama, ule mkwaruzo wa usumba ukalishika tope.

Gari ikatangulia. Haikufika mbali, magurudumu yakawa yanazunguka pale pale.

Mwatum akaipita bila kupunguza mwendo, shoga yake nyuma yake.

"Mzee," akapaza sauti, "mkifika mtanikuta nishaoga!"