Dakika Nane

“Hawezi kupanda,” mama yake alisema, na Lokiru, aliyekuwa akioga nyuma ya ukuta wa makuti, akaacha kumwaga maji.

Ilikuwa alasiri, Kakuma, Novemba 2013. Uani walikuwa wawili tu: Bilha, mama yake, na Madut, fundi aliyekuwa akinyoosha gurudumu la baiskeli ya mbio ya Lokiru.

“Mama, unasema hivyo, lakini mimi nimemwona,” Madut alijibu. “Huyo akisimama kwenye pedali, mlima unakuwa mdogo.”

“Umemwona kwenye mazoezi. Mimi nimemzaa, na mimi ni muuguzi, sibahatishi. Kifua chake hufunga. Dakika nane za mlima anazo. Ya tisa hana.”

Lokiru alisimama na sabuni machoni. Kweli aliugua kifua akiwa na miaka sita. Alipona. Au alidhani alipona.

Mji mzima ulikuwa na maoni juu ya miguu yake. Vibandani walisema ni mtu wa tambarare. Alijifunza baiskeli akibeba abiria kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye mchanga, mlima angeujulia wapi? Wengine walisema miaka miwili ya kulipwa na timu ya Nairobi imemfanya mwingine. Lakini mara mbili mwaka ule alikuwa ameshambulia mlimani, na mara zote mbili timu ya Eldoret ilikuwa imeshamwekea watu wawili nyuma ya gurudumu kabla hajainuka kwenye tandiko. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Jumamosi kulikuwa na mbio za Kakuma hadi Lodwar, na mwisho wake ulikuwa juu ya kilima cha mnara wa simu. Akishinda, timu itampeleka kwenye mbio za Rwanda. Akishindwa, atarudi kubeba abiria.

Madut pekee ndiye hakuwahi kumtilia shaka. Mbuzi jike wa kwanza ambaye Lokiru alimnunua kwa mshahara wa mbio alimpa yeye, kwa mkono wake. Kwa Waturkana, mtu uliyempa mnyama namna hiyo si mgeni tena, hata kama alizaliwa ng’ambo ya mpaka.

“Sasa mama, anaachia wapi hasa?” Madut aliuliza.

“Kwenye mawe mekundu, kona ya mwisho. Hata akiwaacha wote chini, pale atasimama mwenyewe. Usimwambie mtu.”

“Nitamwambia nani, mama?”

Gurudumu lilizunguka kidogo, likanyamaza. Lokiru alimsikia rafiki yake akikusanya spana zake mpya na kuaga.

Alipotoka, mama alikuwa amemwekea chai. Hakuigusa.

“Nimesikia,” alisema.

“Vizuri. Masikio yako ni mazima.”

“Mama anamsema mwanawe hivyo?”

Swali halikuwa dogo. Huku, neno la mama humfuata mtoto. Hakuna mama anayemtajia mwanawe udhaifu bure, maana akishautaja humpata. Watu wa Madut nao huamini hivyo hivyo. Bilha alijua yote hayo, akasema.

“Kunywa chai,” alimwambia. “Jumamosi unapanda.”

Lokiru alichukua baiskeli akaondoka. Siku tatu zilizofuata alikula kwa Madut, kambini. Madut hakutaja hata neno moja la yale aliyoambiwa uani, na Lokiru alimshukuru kimoyomoyo. Ni rafiki wa namna gani huyu, anayekuficha aibu uliyotengenezewa na mama yako?

Jumamosi walitoka asubuhi. Bilha alisimama penye utepe wa kuanzia na chupa ya maji. Lokiru alipita kama hamwoni, akachukua chupa kwa Madut.

Kilomita mia moja na zaidi kundi lilikaa pamoja, upepo ukiwapiga vumbi usoni. Chini ya kilima cha mnara, Lokiru alisimama kwenye pedali akaondoka. Alitazama nyuma akitegemea kuwaona wale wawili. Hapakuwa na mtu. Nahodha wa Eldoret alikuwa ameinua mkono kuwatuliza wenzake, ametulia kama mtu anayengoja punda achoke.

Dakika ya tano. Ya sita. Hawakuja.

Dakika ya nane ilimkuta kwenye mawe mekundu. Alikingoja kifua kifunge. Alikingoja kama mtu anavyongoja kofi. Aliisikia sauti ya mama yake, ya tisa hana, na hasira ikampanda, naye akakanyaga pedali kana kwamba anakanyaga maneno yale. Pumzi ikaingia. Ikatoka. Ikaingia tena.

Ya tisa ikapita. Eldoret walipogutuka na kuanza kumfukuza, kilima kilikuwa kimebaki kidogo na Lokiru alikuwa mbali.

Alishinda kwa sekunde arobaini. Meneja wake alikuwa tayari kwenye simu, anataja Kigali. Nahodha wa Eldoret alifika akihema, akaegemea baiskeli yake, akatikisa kichwa.

“Kifua chako kimekuwaje?” aliuliza. “Tuliambiwa kinafunga kwenye yale mawe mekundu. Tulikuwa tunakungoja.”

Lokiru aliangusha baiskeli. Bilha alikuwa amefika na gari la kina mama wa kanisa, amesimama kando na ile chupa yake ya maji. Lokiru alimwendea mbio, jasho na machozi vimechanganyika.

“Hata wao, mama? Haikutosha kunisema uani, ukaenda kuwaambia hata wao?”

Bilha alifungua chupa, akamshikisha mkononi.

“Mimi nilimwambia mtu mmoja tu,” alisema.

Hatua chache nyuma yao, Madut alikuwa ameinama juu ya ile baiskeli, akikaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.