Kuni za Uzazi

Mwanamke asiyejulikana alibisha hodi kwa Georgette jioni ya mvua, milimani juu ya Lubondja, mtoto mgongoni na mzigo wa kuni kichwani. Georgette aliuona mzigo kwanza.

“Ingia. Mutoto wako ataota moto mupaka asubuhi.”

Georgette alipoufungua mzigo, utomvu ulimnata vidoleni. Ilikuwa mikaratusi mibichi, iliyokatwa siku hiyohiyo.

“Hizi si kuni, ni mboga. Unatoka wapi, we?”

“Baraka, mama, kule ku ziwa.”

“Nilijua. Bantu ba ku ziwa, baridi munaisikiaka mu redio.”

Mgeni aliinamisha kichwa. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Darini, juu ya mafiga, zilikuwa zimekauka kuni ngumu zilizopasuliwa tangu kiangazi. Zilimngoja binti yake Georgette, ambaye angejifungua wiki hiyo na kuhitaji moto yeye na mtoto. Georgette alichomoa kipande, akakigonga ukutani. Kililia kikavu.

“Mama, hizo si za uzazi wangu?” binti aliuliza kutoka kitandani.

“Nilishasema mutoto ataota mupaka asubuhi,” alijibu Georgette, akakisukuma kipande motoni. Akamgeukia mgeni. “Na we, acha kuangalia kuni zangu. Mufungue mutoto.”

Kisha akateremsha cha pili.