Mwalimu wa Rosemery

Hilari aliupasua ubao wa kwanza palepale sokoni Ifakara, kwa pigo moja la shoka. Magurudumu yake manne yakaviringika hadi chini ya meza za wauza dagaa.

"Nani alikufundisha ushetani huu?" alimfokea Lukelo, kijana mwenye ubao.

"Emanuel wa Kisawasawa, mzee. Kwani nimekosa nini?"

Wiki mbili nyuma Hilari alikuwa amemzika Rosemery, bintiye wa pekee. Binti huyo alikuwa akiteleza kwa ubao kama huo kwenye lami mpya, akaingia chini ya lori la mpunga. Kule Idete watu walilia mpaka sauti zikakauka. Hilari hakulia. Aliapa: aliyeuleta mchezo huu bondeni, nitamzika kwa mikono yangu.

Huko Kisawasawa, Hilari aliwakuta watoto zaidi ya kumi juu ya mbao, hata wasichana waliojifunga kanga kiunoni. Emanuel, fundi baiskeli, alipoliona shoka likichomoza kwenye kiroba, aliruka ua.

"Si mimi!" alipiga kelele akiwa upande wa pili. "Mimi nilifundishwa na Valentino, Kidatu!"

Hilari alipanda basi la Kidatu bila kutia kitu tumboni. Moyo ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyebakiza tuta moja amalize palizi.

Alimkuta Valentino nyuma ya karakana yake ya kuchomelea, akimwaga zege, vijana wakimsaidia kulainisha mteremko.

"Shikamoo, mzee."

Hilari aliingiza mkono kwenye kiroba, akakamata mpini. "Wewe ndiye uliyeuleta mchezo huu bondeni?"

"Mimi?" Valentino alicheka. "Natamani ningekuwa mimi! Mimi mwanafunzi tu, kama hawa. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na msichana anasoma hapa. Aliuona mchezo kwenye simu, akang'oa chaga za kitanda chake bwenini, akaja nimchomelee vyuma vya magurudumu. Ndiye aliyetufundisha sote. Hata kuanguka alitufundisha."

Mpini ulikuwa umelowa jasho.

"Unatokea wapi, mzee wangu?"

"Idete."

"Idete! Basi kwao utakuwa unapajua. Uwanja huu tunaufungua Jumapili, tumempa jina lake, na simu yake haipatikani. Tafadhali mzee, ukimwona Rosemery, mwambie tunamngoja."